Goti la Díaz si hoja

Tarehe 15 Machi 2023, mjini Miami, Edwin Díaz alifunga mechi. Ndiyo kazi yake katika besiboli: kuingia mwishoni, timu yake ikiwa mbele kidogo, na kuwazima wapigaji watatu wa mwisho. Puerto Rico ikaishinda Jamhuri ya Dominika 5-2 na kuingia robo fainali. Wenzake wakamkimbilia, wakamzunguka, wakarukaruka naye kama vijana wa mtaani waliochukua kombe la mbuzi. Mara akawa chini. Kano ya goti la kulia ilikuwa imekatika. Mdogo wake Alexis, aliyekuwa kwenye kikosi hicho hicho, akalia pale pale uwanjani. Díaz akatolewa kwa kiti cha magurudumu, na msimu wake wote wa 2023 ukaishia hapo.

Miezi minne nyuma alikuwa ametia saini mkataba wa miaka 5 na New York Mets wenye thamani ya dola milioni 102, mkubwa kuliko wowote aliowahi kupewa mrushaji wa nafasi yake. Kwa hiyo unaweza kukisia kelele zilizofuata. Keith Olbermann, mtangazaji mkongwe wa Marekani, aliandika kwamba hayo ni maonyesho tu yasiyo na maana, yametengenezwa ili ununue jezi nyingine, na kwamba yanawatenganisha wachezaji wa timu moja kwa kuangalia bibi zao walilala wapi. (Yeye alilisema hilo kwa lugha ya chini zaidi.) Yafutwe, akasema, na yafutwe sasa.

Hayakufutwa. Machi hii yanarudi, kwenye miji ya Tokyo, San Juan, Houston na Miami, na hoja ya Olbermann imerudi nayo, safari hii imevaa suti ya kampuni ya bima. Nitafika huko. Kwanza niseme wazi ninaposimama: swali la kama mashindano ya kimataifa yanastahili hatari wanayoingia wachezaji wa kulipwa limeulizwa vibaya tangu mwanzo, na wanaoliuliza kwa sauti kubwa zaidi ndio wenye haki ndogo zaidi ya kulijibu.

Kwa msomaji asiyefuatilia mchezo huu, na najua wengi wenu hapa mmekuja kwa ajili ya vitabu, maelezo ni mafupi. Ligi kuu ya Marekani, MLB, ina mechi 162 kwa kila timu katika msimu. Mashindano ya dunia yanaitwa World Baseball Classic, yalianza 2006, na yanachezwa mwezi Machi, kabla ligi haijafunguliwa. Japani imeyashinda mara tatu, 2006, 2009 na 2023. Jamhuri ya Dominika ilichukua 2013 bila kupoteza mechi hata moja, Marekani ikachukua 2017. Halafu kuna jambo moja ambalo walalamikaji hulipita kimyakimya: mashindano haya si ya shirika fulani la mbali linalowanyang'anya vilabu watu wao. Kampuni inayoyaendesha iliundwa na MLB yenyewe pamoja na chama cha wachezaji. Yaani tajiri wa timu anayenung'unika kwamba Classic inamharibia mali ni mwenye hisa kwenye karamu anayoilaani.

Sasa turudi kwenye goti. Díaz hakuumia akirusha mpira. Aliumia akishangilia. Mwaka 2010, tarehe 29 Mei, Kendrys Morales wa Los Angeles Angels alipiga mpira wa ushindi katika mechi ya kawaida ya ligi, akaruka juu ya kituo cha nyumbani ili awatue wenzake waliokuwa wanamsubiri, na akavunjika mguu. Alikosa mechi zote zilizobaki mwaka ule na msimu mzima wa 2011. Sijasikia mtu aliyependekeza ligi ifutwe. Siku nane baada ya Díaz kuanguka, Rhys Hoskins wa Philadelphia Phillies alikatika ligamenti ya goti akifuata mpira uliokuwa unadunda chini, katika mechi ya mazoezi ambayo matokeo yake hayahesabiwi popote. Msimu wote ukaondoka. Mwishoni mwa Februari mwaka huo huo Gavin Lux wa Dodgers alikuwa ameumia goti vilevile, naye katika mechi ya mazoezi, akikimbia tu kati ya vituo. Magoti matatu ndani ya mwezi mmoja. Mawili yalivunjikia kwenye mechi zisizo na maana kabisa, moja kwenye mechi iliyoufanya mji mzima usilale. Na ni lile moja lililoitwa kashfa.

Mbona? Kwa sababu yale mawili yaliumia yakiwa kazini kwa mwenye mkataba.

Hapo ndipo penye ugomvi, na mengine yote ni mapambo. Mwili wa mchezaji ukiharibika ukimtumikia mwajiri, hiyo ni "sehemu ya mchezo". Ukiharibika ukifanya kitu ambacho mwenyewe amekichagua, hiyo ni hasara, uzembe, usaliti kwa mashabiki. Hesabu ya hatari ni ile ile. Aliyebadilika ni anayefaidi.

Lakini sitaki kudanganya kwamba gharama haipo. Kuna kisa cha Daisuke Matsuzaka, ambacho watetezi wa Classic hawapendi kukikumbuka. Mjapani huyu alikuwa mchezaji bora wa mashindano mara mbili, 2006 na 2009. Boston Red Sox walilipa zaidi ya dola milioni 51 ili wapate tu ruhusa ya kuzungumza naye, kabla hata ya mshahara. Mwaka 2008 alishinda mechi 18 na kupoteza 3. Mwaka 2009, baada ya Classic, alianza mechi 12 tu, akashinda 4 na kupoteza 6. Baadaye alikiri kwa gazeti la kwao kwamba aliumia nyonga wakati wa kujiandaa na mashindano, akaficha, akaendelea kurusha kwa nguvu ya mkono peke yake. Red Sox walikuwa na haki ya kukasirika. Na Mark Teixeira wa Yankees, 2013, aliumia kifundo cha mkono akiwa anajiandaa na timu ya Marekani, hakucheza hata mechi moja ya mashindano, na msimu wake karibu wote ukapotea.

Mkono wa mrushaji ni kitu dhaifu, na Machi ni mapema mno kuukaza kwa ukali wa fainali. Ndiyo maana kuna kanuni: mwaka 2023 mrushaji hakuruhusiwa kuzidi mipira 65 katika raundi ya kwanza, 80 katika robo fainali, 95 kuanzia nusu fainali, na akifikisha 50 anapumzika siku 4. Kanuni zinaweza kukazwa zaidi. Hata tarehe inaweza kujadiliwa. Haya ni mazungumzo ya watu wazima wanaotaka kitu kiendelee vizuri, na mimi niko tayari kuyasikiliza usiku kucha. Kinachonikera ni yule anayechukua nyonga ya Matsuzaka na kuigeuza kuwa hati ya umiliki wa mwili wa mtu mwingine.

Chukua José Altuve. Ni mtu wa Maracay, Venezuela, urefu wake ni kama sentimita 168, na akiwa na miaka 16 alikwenda kwenye majaribio ya Houston Astros akarudishwa nyumbani kwa ufupi wake. Kesho yake akarudi tena. Wakamsaini kwa dola 15,000. Kilichofuata ni moja ya kazi kubwa za kizazi chake: mchezaji bora wa ligi ya Amerika 2017, bingwa mara mbili. Tarehe 18 Machi 2023, akiichezea Venezuela dhidi ya Marekani, mpira uliorushwa na Daniel Bard ulimpiga kwenye mkono wa kulia na kuvunja kidole gumba. Akafanyiwa upasuaji, akarudi uwanjani katikati ya Mei. Astros wakaongoza kundi lao hata hivyo. Kelele zikawa zile zile: ameumia "bure".

Bure kwa nani? Vilabu vyote 30 vya MLB vina shule zao za besiboli katika Jamhuri ya Dominika. Vinachukua watoto, vinawasaini wakifikisha miaka 16, vinawalea kama shamba la miwa. Wachache wanafika juu, wengi wanarudishwa mtaani na umri wa miaka 20 na elimu ya darasani iliyokatika. Uwanja wa udongo alipojifunzia, kocha wa mtaa asiye na mshahara, mama aliyefua jezi, hivyo vyote klabu ilivipokea bila kulipa. Halafu nchi hiyo hiyo ikiomba wiki mbili kila miaka mitatu au minne, inaambiwa inahatarisha mali ya watu.

Wala tusijifanye kwamba zamani mchezaji alikuwa wa klabu tu. Majira ya baridi ya 1954 kuingia 1955, Willie Mays, aliyekuwa ametoka kutwaa ubingwa na kutajwa mchezaji bora wa ligi yake, alikwenda Puerto Rico kuichezea Santurce akiwa na kijana aitwaye Roberto Clemente. Watu wa kisiwa kile walimwona Mays kwa macho yao. Leo meneja angepoteza kazi kwa kumruhusu.

Neno jingine linalorudiwa mpaka linachosha ni "msimu halisi". Eti Classic inahatarisha msimu halisi. Haya, tuutazame msimu halisi wa Mike Trout. Huyu ni mchezaji bora wa ligi ya Amerika mara tatu, na hadi Machi 2023 klabu yake, Angels, ilikuwa imempa mechi za mtoano tatu tu katika maisha yake yote, mwaka 2014, zote wakafungwa. Mwenzake kwenye timu hiyo alikuwa Shohei Ohtani, ambaye kwa miaka sita aliyokaa pale hakuuona hata msimu mmoja ambao Angels walishinda mechi nyingi kuliko walizopoteza. Wachezaji wawili waliokuwa bora duniani, klabu moja, na klabu ile haikuweza kuwapa jioni moja yenye maana.

Jioni hiyo waliipata Miami, tarehe 21 Machi. Fainali, Japani 3 Marekani 2, kipindi cha tisa, wawili wametoka. Ohtani, aliyekuwa anapiga usiku kucha huku akipita nje kwenda kupasha mkono moto, anarusha. Mpigaji ni Trout. Hesabu inafika mwisho kabisa, mpira mmoja zaidi na lolote linaweza kutokea. Ohtani anauachia mpira unaokata pembeni, Trout anapiga hewa. Mwandishi wa riwaya akikuletea sura hiyo, mhariri atairudisha: imezidi, haiaminiki. Trout aliyeshindwa ndiye aliyesema baadaye kwamba hizo zilikuwa siku kumi za furaha kubwa kuliko zote alizowahi kuzipata uwanjani. Mtu mwenye mkataba wa zaidi ya dola milioni 400. Nani atamwambia alikuwa kwenye maonyesho yasiyo na maana?

Mnajua kilichofuata. Julai Trout alivunjika mfupa wa mkono akipiga mpira. Agosti kiwiko cha Ohtani kikaharibika akirushia Angels. Wapo waliosema ni Classic iliyomchosha. Kwa mantiki hiyo hiyo ningeweza kusema ni mechi za Angels za Juni zilizomchosha, tena hizo zilikuwa nyingi zaidi na hazikumpa chochote.

Na siku zisizo za fainali ndizo ninazozipenda zaidi, nikiri. Tarehe 11 Machi 2023, Tokyo, Japani ilicheza na Jamhuri ya Czech, timu ya watu wenye kazi zao. Kocha wao, Pavel Chadim, ni daktari wa mishipa ya fahamu. Ondřej Satoria ni fundi umeme, na mpira wake wa polepole, usiofika hata kilomita 120 kwa saa, ulimtoa Ohtani. Upande wa Japani alirusha Roki Sasaki, ambaye siku hiyo ilikuwa imetimia miaka 12 tangu tsunami ilipomchukua baba yake na babu na bibi yake. Mpira wake wa zaidi ya kilomita 160 kwa saa ukampiga Willie Escala gotini. Escala akaanguka, akainuka, akakimbia kidogo kuonyesha yuko sawa, uwanja mzima wa Wajapani ukampigia makofi. Baadaye Sasaki akaenda hotelini kwa Wacheki na mifuko mikubwa ya peremende kumwomba radhi. Hiyo nayo ilikuwa hatari: goti la mtu ambaye hana mkataba wa mamilioni wa kumlinda. Sikumsikia yeyote akipendekeza Wacheki wazuiwe wasiumie.

Ukiona nimepandwa na jazba juu ya mchezo usiochezwa sana kwetu, ni kwa sababu hoja hii naijua kwa sura. (Unachezwa kidogo, msidharau. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika mashindano ya dunia ya vijana kule Williamsport, na mwaka 2022 Dodgers waliwasaini vijana wawili wa Kiganda.) Afcon ya Morocco imeisha juzi tu. Kabla haijaanza, FIFA ilikubali vilabu vibaki na wachezaji hadi tarehe 15 Desemba badala ya 8, timu za taifa zikabaki na siku za kuhesabu kwa vidole. Na hapa Dar, kwenye vibanda vya kuonyeshea mpira, ukikaa na shabiki wa timu ya London au Manchester atakwambia bila aibu, "Afcon inatuharibia msimu." Inatuharibia sisi? Sisi nani, ndugu yangu? Mwaka kesho mashindano yanakuja Kenya, Uganda na Tanzania, tutapanga foleni kununua tiketi, na bado atakuwepo wa kuomba nyota wa timu yake ya Ulaya apate mafua madogo asisafiri.

Ila soka limetutangulia kwa jambo moja, na hapa ndipo nilipokuwa naelekea. Tangu 2012 FIFA ina mpango wa kuvilinda vilabu: mchezaji akiumia akiwa na timu ya taifa na akakaa nje zaidi ya siku 28, klabu inalipwa mshahara wake, hadi euro milioni 7.5. Hakuna anayeulizwa kwanza kama goti lake liliwahi kufanyiwa upasuaji. Ukiitwa, umelindwa.

Besiboli haiko hivyo. Kila mchezaji mwenye mkataba mkubwa anakatiwa bima yake, na kampuni ya bima inaweza kumkataa. Díaz alikuwa na bima, na ndiyo iliyobeba mshahara wake wa 2023 badala ya mfuko wa Mets. Lakini mwaka huo huo Clayton Kershaw, aliyetamani kuivaa jezi ya Marekani, alibaki nyumbani kwa sababu ya mambo ya bima. Mwaka huu imekuwa mbaya zaidi. Puerto Rico, ambayo itacheza raundi ya kwanza nyumbani San Juan, imempoteza Francisco Lindor, aliyekuwa awe nahodha, na Carlos Correa, wote kwa sababu hiyo hiyo ya bima, mpaka ikazungumzwa timu kujiondoa. Kisiwa cha watu milioni 3 na kidogo, kilichofika fainali 2013 na 2017. Mwaka ule wa 2017 wachezaji walipaka nywele rangi ya dhahabu, na ikaripotiwa maduka ya kisiwani yakaishiwa dawa ya nywele. Sasa kinapangiwa kikosi na karani anayesoma mafaili ya hospitali.

Anayetaka kuzungumzia hatari azungumzie hilo. MLB na chama cha wachezaji ndio wenye mashindano, ndio wanaokusanya haki za matangazo, na kule Japani zaidi ya asilimia 40 ya kaya zilitazama fainali ile ikiwa asubuhi ya siku ya kazi. Fedha ya kuanzisha mfuko wa pamoja ipo, mfuko unaomlinda kila aliyeitwa bila kumpekua, hata kama una kikomo kama ule wa FIFA. Vilabu 30 vingegawana hasara ambayo leo inasubiri kumwangukia mmoja, na Mets wasingekuwa na sababu ya kulia peke yao. Hawajaufanya, na mpaka watakapoufanya, kila tajiri anayesema anahofia afya ya wachezaji wake namwona kama mwenye nyumba anayekataa kununua kizima moto halafu anapiga marufuku kupika.

Kershaw, kwa taarifa yenu, yumo kwenye kikosi cha Marekani mwaka huu. Amestaafu baada ya msimu wa 2025. Hana tena mkataba wa mtu yeyote wa kukatiwa bima.